Risala ya Chama cha Wanafunzi wa Isimu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kumkumbuka Sir William Jones

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, walimu wetu, wageni waalikwa na wanachama wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuacha majukumu yako mengi na kuja kuungana nasi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maisha ya Jones tutayapitia kwa ufupi. Alizaliwa London mwaka 1746, akasoma Oxford, akachapisha sarufi ya Kiajemi mwaka 1771, na mwaka 1783 akawasili Calcutta, India, kuwa jaji. Januari 1784 aliongoza kuanzishwa kwa Asiatic Society, jumuiya ya wanazuoni wa mambo ya Asia, akawa rais wake hadi alipofariki mwaka 1794. Mbele ya jumuiya hiyo, tarehe 2 Februari 1786, alieleza kwamba lugha za Kisanskriti (lugha ya kale ya India), Kigiriki na Kilatini zinafanana mno katika mizizi ya vitenzi na maumbo ya sarufi, kiasi kwamba lazima zimetokana na chanzo kimoja, ambacho pengine hakipo tena. Nasi tunapolinganisha lugha za Kibantu tunafuata njia iliyokuzwa na wanaisimu waliokuja baada yake. Linalotusikitisha ni kwamba jumuiya iliyojifunza mengi kutoka kwa wanazuoni wa Kihindi haikuwapokea Wahindi kuwa wanachama hadi mwaka 1829. Chama chetu kimefungua mlango kwa kila mpenda lugha.

Chama kimepata mafanikio makubwa: kimetafsiri hotuba hiyo ya Jones ya mwaka 1786 kwa Kiswahili, kimeendesha mihadhara iliyovuta wasikilizaji wengi, na kimekusanya vitabu na miswada ya thamani kutoka kwa walimu wastaafu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, vitabu hivyo havina pa kukaa. Vimo katika maboksi kwenye korido, mahali ambapo masika maji huingia na mchwa hawana msimu. Wakati wa Jones, jumuiya yake nayo haikuwa na nyumba. Ilikutana katika chumba cha mahakama, na jengo lake lilipatikana mwaka 1808, miaka 14 baada ya kifo chake. Lakini wao walikuwa na rais ambaye ni jaji wa mahakama hiyo, na tangu mwaka 1788 makala zao zilichapishwa katika juzuu zilizosomwa hadi Ulaya. Sisi hatuna chumba cha kuazima wala chapisho la kutuhifadhia kazi, kwa hiyo mswada ukiloa umepotea moja kwa moja.

Mgeni rasmi aliyekutangulia alitamka katika ukumbi huu kwamba chumba kingepatikana kabla ya muhula kwisha. Tulimpigia makofi, tukamwandikia barua ya kumkumbusha, tukajibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Aliyemtangulia yeye alituahidi makabati, ambayo bado tunayasubiri kwa moyo wa shukrani. Hatuyataji haya kwa nia ya kumlaumu yeyote. Tunayataja ili ufahamu kwa nini safari hii tunaomba ahadi yenye tarehe.

Ombi letu ni moja: chumba kimoja kisichovuja, chenye rafu na mlango wa kufungwa kwa kufuli. Nakala ya risala hii tutakukabidhi sasa, na mwishoni tumeacha nafasi ya saini yako na tarehe ya kukabidhiwa chumba.

Tunaomba kuwasilisha.