Kabla Mzee hajatia sahihi

Moshi, Jumanne jioni

Mama Eliya mpendwa,

Shikamoo yangu imfikie Mzee, na Bibi pia. Sisi huku hatujambo, ila mvua imetufungia ndani. Nimeandika kuhusu upasuaji wa moyo wa Mzee huko Dar, badala ya kupiga simu, ili uwe na karatasi hii mkononi ukiwa mbele ya daktari. Doreen anapanda Coaster ya asubuhi, atakuachia pale Kijenge.

Nianze na ile picha ya dawa za Mzee. Nimeona kuna klopidogreli ya miligramu 75. Kuna mtu amewaambia lolote kuihusu? Dawa hii huzuia damu kuganda, na kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla ya baipasi, yaani upasuaji huu wa kupandikiza mishipa ipitishe damu pale ile ya moyo ilipobana. Isiposimamishwa, mgonjwa anaweza kuvuja damu nyingi mpaka arudishwe chumba cha upasuaji usiku huohuo. Kama upasuaji ni Jumatano ijayo kweli, kidonge cha mwisho kingekuwa cha Alhamisi hii. Lakini asiache kwa neno langu! Mishipa imebana, na kuacha kiholela kunaweza kuleta shambulio la moyo. Piga simu kesho asubuhi, itaje dawa kwa jina. Uliza na aspirini, ambayo mara nyingi huendelea, na metformini ya sukari.

Sasa hili la Frank, kwamba Mzee akisaini fomu ya ridhaa, hata wakimharibu hamna pa kusemea. Si kweli. Ile sahihi inaruhusu kisu, haisamehi uzembe. Anachokubali Mzee ni hatari ambazo zipo hata daktari akifanya kila kitu sawasawa. Kwenye vituo vyenye uzoefu, kwa upasuaji uliopangwa, hufariki mgonjwa 1 hadi 3 katika 100, na kiharusi hupata 1 au 2. Mapigo kwenda ovyo siku ya pili au ya tatu ni jambo la kawaida sana, hata wagonjwa 20 hadi 40 katika 100, na mara nyingi hutulia kwa dawa. Mkiliona hilo msipige mayowe.

Kwa Mzee naogopa zaidi kidari. Mfupa wa kifua unapasuliwa katikati, kisha unafungwa kwa waya za chuma, na mwenye kisukari ndiye kidonda chake hutunga usaha hadi mfupani. Sukari ya damu isipande juu ya 10 (mmol/L) siku zile. Figo nazo: uliza kreatinini yake, kile kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, ni ngapi. Na uliza mishipa ipi itapandikizwa. Ule wa ndani ya kifua, wa kushoto, ndio hudumu. Baada ya miaka 10 zaidi ya 9 katika 10 huwa bado inapitisha damu, wakati ile iliyotolewa mguuni karibu nusu huwa imeziba.

Uzembe ni kitu kingine kabisa. Ni mrija wa kifuani, ule unaowekwa kutolea damu baada ya upasuaji, kutoa damu saa baada ya saa bila mtu kuusoma. Ni mrija huohuo kukauka ghafla huku presha inashuka, na hakuna anayefikiria kwamba damu imeganda ndani na inaubana moyo. Ni kutoulizwa dawa anazotumia (narudi palepale kwenye klopidogreli). Ni kumpasua asiye yeye: unakumbuka mwaka 2007 Dar, wagonjwa wawili wa jina moja, wa goti akapasuliwa kichwa? Kwa hiyo msiudharau ule utepe wa mkononi, someni jina herufi kwa herufi. Wakimuuliza jina lake mara tatu asikasirike, namjua Mzee! Ule ni utaratibu wa Shirika la Afya Duniani: kuhakiki kabla ya usingizi, kabla ya kuchana ngozi, na kabla ya kutoka. Ulijaribiwa katika hospitali 8 duniani, Ifakara yetu ikiwemo, na vifo vikapungua kutoka 1.5 hadi 0.8 katika 100.

Likitokea baya, Mungu apishe mbali, kwanza ombeni nakala ya faili: taarifa ya upasuaji, chati za ICU (chumba cha wagonjwa mahututi), vipimo vyote. Bila hizo hata daktari mwingine hawezi kuwapa maoni, na bila maoni yake kesi haisimami. Malalamiko huanzia kwa uongozi wa hospitali, kisha Baraza la Madaktari Tanganyika. Mahakamani mna miaka 3, na kama hospitali ni ya serikali mtatoa kwanza notisi ya siku 90. Mwambie Frank aandike hayo, atulie.

Akirudi nyumbani asiinue kitu kizito kuliko kidumu cha lita 5 kwa wiki kama 12. Bodaboda asipande. Akikohoa akumbatie mto kifuani.

Haya, niambie: mmeshapata wachangia damu? Ameacha ugoro na sigara kweli, au anajificha nyuma ya banda? Nani atalala naye Dar, wewe au shangazi wa Njiro? Bima imekubali yote au mtaongezea? Na ile klopidogreli, wamesemaje? Nijibu hilo kwanza, kabla ya mengine yote.

Wako,
Mama Upendo