Sakafu ya Nje: Gharama ya Mbao na ya Kompositi Baada ya Fundi Kuondoka

Mteja anayetaka kujengewa sakafu ya nje juu ya boriti huja kwetu na bei mbili mkononi, ya mbao zilizotiwa dawa na ya kompositi, akitaka kujua ipi ni nafuu kwa miaka mingi. Hatuwezi kumjibu kabla hatujamuuliza swali letu: nani atashika brashi?

Kompositi ni unga wa mbao uliochanganywa na plastiki, na nyingi za siku hizi huvikwa ngozi ya plastiki ili maji na madoa yasipenye. Ubao wake huweza kugharimu mara mbili au tatu ya ubao wa kawaida. Hata hivyo, nguzo, boriti, uchimbaji wa mashimo na sehemu kubwa ya ujira hazibadiliki sana, kwa hiyo tofauti ya kazi nzima ni ndogo kuliko inavyoonekana dukani.

Tuchukue tarakimu za mfano, ambazo si bei yetu. Mbao za juu ziwe 100, kompositi 250, na kiunzi cha chini 200 kwa zote mbili. Jumla ni 300 dhidi ya 450, na pengo ni 150. Mbao huhitaji kusafishwa, kupigwa msasa palipokwaruza na kupakwa mafuta kila baada ya miaka miwili hivi, au mapema zaidi pale jua linapopiga mchana kutwa. Ukimlipa fundi 25 kila mara, pengo litazibika mwaka wa 12. Ukifanya mwenyewe kwa vifaa vya 8, miaka 20 itakugharimu 80 tu, na mbao itakuwa bado nafuu. Anayeumia ni mteja wa tatu, na ndiye tunayekutana naye zaidi: huahidi kupaka mwenyewe, hupaka mara moja, kisha husahau. Maji huingia kwenye nyufa za ncha za mbao, na unyevu wake ukidumu juu ya asilimia 20 hivi, kuvu hupata makao.

Kompositi nayo huoshwa kwa sabuni na brashi laini, kwa sababu majani yanayooza kwenye mianya huotesha ukungu hata juu ya plastiki. Zaidi ya hayo, haipigwi msasa kama mbao, kwa hiyo mkwaruzo wa mguu wa kiti cha chuma utabaki hapo, na ile ya rangi nyeusi huchoma nyayo wakati wa jua kali.

Jambo ambalo wauzaji hulipita haraka ni kwamba kiunzi kilicho chini ya kompositi kwa kawaida ni mbao zilezile zenye dawa. Tunapoitwa kukagua sakafu, hupiga magoti na kuchomeka bisibisi kwenye boriti karibu na ukuta. Ikizama kama kwenye sabuni, ubao wa juu hata ukiwa unang'aa hauna msaada. Kompositi pia hubonyea upesi zaidi kuliko mbao kati ya boriti, na ndiyo maana boriti hizo hupangwa takriban sentimita 40 kutoka katikati hadi katikati, au 30 mbao za kompositi zikilazwa mshazari. Shaba iliyomo katika dawa za kisasa za mbao hula skrubu za kawaida, kwa hiyo tunatumia za chuma cha pua au zilizochovywa kwenye zinki ya moto. Kubana matumizi kwenye skrubu ndiko kubana tunakokukataa waziwazi.

Mwisho, soma dhamana yote ya kompositi. Dhamana ya miaka 25 mara nyingi hulipa ubao, si ujira wa kuung'oa na kuweka mwingine, nacho kiwanda huenda kikawa kimeacha kutengeneza rangi yako. Agiza mbao tatu au nne za ziada siku ya kwanza, uzilaze sawasawa mahali pakavu penye kivuli.