Daftari la wafadhili wa kampeni lifunguliwe kabla ya kura

Mhariri,

Kila kampeni zinapokaribia, lawama humwangukia mwananchi aliyepokea shilingi mia mbili mkutanoni. Mia mbili hiyo haijawahi kubadilisha sera yoyote. Pesa inayobadilisha sera hutolewa na watu wachache kabla hata ya jukwaa kujengwa, na inaweza kumrudia mwenyewe ikiwa sentensi moja tu katika Gazeti Rasmi la Serikali.

Ukanda wa miwa una mfano wa karibu. Sukari inayotoka nje ya nchi za COMESA (soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika) na Afrika Mashariki hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 100. Mei 12, 2017, baada ya kiangazi kuharibu miwa, serikali ilitangaza kwamba sukari iingizwe bila ushuru. Upungufu ulikuwa wa kweli: viwanda vyetu vilizalisha takriban tani 639,000 mwaka 2016, vikashuka hadi tani 376,000 mwaka 2017. Pengo hilo ni tani 263,000. Lakini sukari iliyoagizwa ilipanda kutoka tani 334,000 hadi karibu tani 990,000. Nyongeza hiyo ni tani 656,000, takriban mara mbili na nusu ya pengo lenyewe.

Tupige hesabu ya mwagizaji mmoja, kwa bei ya mfano tu. Tani moja ikimgharimu shilingi 50,000 bandarini, ushuru wake nao ni 50,000. Mwenye tani 10,000 ameondolewa mzigo wa shilingi milioni 500 kwa tangazo moja. Mtu wa namna hiyo akichangia kampeni shilingi milioni 20, ametoa asilimia 4 tu ya alichookoa. Biashara halali yenye faida kama hiyo ni nadra. Mkulima wa Muhoroni, Chemelil au Nzoia ndiye anayelipa tofauti. Ghala za kiwanda zikijaa sukari isiyouzika, trekta huchelewa kufika shambani, na muwa uliokatwa huanza kupoteza uzito na utamu siku hiyo hiyo. Usiposagwa ndani ya siku mbili, mkulima analipwa kwa tani chache kuliko alizovuna, na malipo yenyewe huja baada ya miezi.

Uchaguzi mkuu wa mwaka huo ulikuwa Agosti 8, miezi mitatu kasoro siku nne baada ya tangazo. Hatusemi kwamba mwagizaji yeyote alinunua tangazo lile. Tunasema jambo ambalo kwetu ni zito zaidi: hakuna daftari ambalo Mkenya angeweza kulifungua ili amtie mtu hatiani au amsafishe. Sheria ya Kufadhili Kampeni za Uchaguzi ilikuwa imepitishwa tangu 2013, lakini Bunge likaisimamisha isitumike katika uchaguzi wa 2017. Agosti 2021 tume ya uchaguzi, IEBC, ilitangaza viwango vya matumizi, mgombea urais akiwekewa kikomo cha shilingi bilioni 4.4. Kanuni zake zikakataliwa Bungeni, na kura ya 2022 ikapigwa bila kikomo chochote. Haya yote yametokea ilhali Kifungu cha 88 cha Katiba kinaipa tume hiyo kazi ya kudhibiti pesa zinazotumiwa na mgombea au chama.

Sheria yenyewe si mbaya. Inamtaka mgombea awe na kamati ya matumizi na akaunti ya benki ya kampeni. Inakataza mchango wa mali ya umma. Mchango usiojulikana mwenyewe hauruhusiwi kutumiwa. Unatakiwa kuripotiwa na kukabidhiwa tume ndani ya siku 14. Tena mfadhili mmoja haruhusiwi kutoa zaidi ya asilimia 20 ya michango yote ya mgombea.

Hapo kwenye asilimia 20 ndipo pa kuangalia kwa makini, kwa kuwa kikomo kinachopimwa dhidi ya jumla hakipimiki hadi jumla ijulikane. Anayetoa shilingi ya kwanza ametoa asilimia 100. Kampeni ikiwa katikati, hakuna mkaguzi anayeweza kusema fulani amevuka. Tena watu watano wakitoa asilimia 20 kila mmoja, mgombea ameshalipiwa kampeni nzima. Watano hao wakiwa kampuni tano za mwenye mali mmoja, sheria imetimizwa kwenye karatasi huku mgombea akiwa mali ya mtu mmoja. Dawa ipo tayari: tangu 2020 kampuni zinatakiwa kumwandikisha kwa Msajili wa Kampuni mmiliki halisi, yaani kila mtu mwenye angalau asilimia 10 ya hisa au ya kura. Mchango wowote wa kampuni uambatane na CR12 (hati ya Msajili inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa) na orodha ya wamiliki halisi, na asilimia 20 ihesabiwe kwa mmiliki, wala si kwa jina la kampuni. Kikomo chenyewe kiwe kiasi cha shilingi kinachojulikana kabla ya mchango wa kwanza.

Kosa la pili ni kudhani kwamba mchango ni pesa taslimu. Kikomo cha M-Pesa ni shilingi 250,000 kwa muamala, kwa hiyo milioni 5 zinahitaji miamala 20 yenye namba na saa zake. Mfadhili mkubwa hapiti huko. Yeye hulipa bili: anafungua akaunti ya mafuta kwenye kituo cha petroli na msafara wa mgombea unajaza tangi bila kutoa kitu, anachapisha fulana na leso, anakodisha hema, viti, magari ya spika, na kwa wakubwa helikopta. Siku ya kura analipia mawakala. Kenya ilikuwa na vituo zaidi ya 46,000 vya kupigia kura mwaka 2022. Wakala mmoja kila kituo kwa shilingi 1,000 tu ni milioni 46 kwa siku, na hujaweka chakula wala nauli. Hakuna hata shilingi moja ya hizo inayogusa akaunti ya kampeni. Kwa hiyo kanuni ziseme wazi kwamba kila kitu kilichotolewa bure kitathminiwe kwa bei ya soko na kiandikwe siku kilipotumika, pamoja na jina la aliyelipa bili.

Hesabu za vyama nazo hazitusaidii sana, ingawa watu wengi huzitegemea. Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 inamzuia mtu mmoja kuchangia kwa mwaka zaidi ya asilimia 5 ya matumizi ya chama, na inamkataza asiye raia kuchangia. Lakini pesa za kampeni humfuata mgombea, hazikifuati chama. Hesabu ya chama inaweza kuwa safi kabisa, ikakaguliwa na Mkaguzi Mkuu wa Serikali, na isikuambie lolote kuhusu aliyelipia mafuta.

Marekani, tume yao ya uchaguzi huchapisha jina, kazi na mwajiri wa mtu aliyempa mgombea zaidi ya dola 200. Huko pia matajiri walipata mwanya mkubwa baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2010 ulioondoa kikomo cha pesa ambazo kampuni hutumia zenyewe kwenye uchaguzi, lakini mwanya wao unajadiliwa kwa majina na tarakimu. Sisi tunabaki na tetesi.

Katika kaunti mambo ni madogo na yako karibu zaidi. Ushawishi hukaa kwenye sehemu mbili. Ya kwanza ni Mswada wa Fedha, unaopanga ushuru wa soko, ada za maegesho, mabango na leseni. Ukiona ada ya mabango makubwa imeshuka huku ushuru wa siku wa mama mboga ukipanda, tafuta ni nani aliyewasilisha maoni kuhusu kipengele hicho. Ya pili ni masharti ya zabuni. Zabuni ya kukusanya taka ikidai mapato ya kila mwaka yanayozidi mara kumi thamani ya kazi, au gari la aina moja tu, sharti hilo limeshonwa kwa kipimo cha mtu. Mzabuni aliyeonewa ana siku 14 tu kupeleka malalamiko kwenye bodi ya rufaa ya zabuni, na wengi huzimaliza wakisubiri kuelezwa kwa nini wameshindwa.

Tunapendekeza pia mwenye kandarasi na kaunti au serikali kuu asiruhusiwe kuchangia kampeni yoyote miezi 12 kabla ya uchaguzi. Mkandarasi anayeidai kaunti milioni 30 hawezi kukataa akiombwa milioni 2, na akishatoa anategemea deni lake lilipwe kabla ya la mwenzake. Huyo anafinywa, na anayeumia zaidi ni yule aliyekataa.

Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027, na sheria inataka viwango vya matumizi vitangazwe angalau miezi 12 kabla. Kanuni zikiletwa dakika za mwisho, Bunge litapata tena sababu ya kuzikataa, kama 2021.

Kuna kazi moja isiyongoja Bunge. Msomaji yeyote wa Kisumu, Nakuru au Kakamega anaweza kumwandikia karani wa bunge la kaunti yake, chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, akiomba nakala za maoni yote yaliyowasilishwa kuhusu Mswada wa Fedha wa mwaka huu. Ombi halina ada, isipokuwa gharama ya kutoa nakala. Taja mwaka wa mswada, omba majina ya watu na kampuni walioandika na kipengele walichotaka kibadilishwe, weka tarehe na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Karani ana siku 21 kujibu. Akinyamaza au akikataa, peleka nakala hiyo kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki (ofisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma), ambayo ina ofisi Kisumu, na uombe uamuzi huo upitiwe upya.

Wahasibu wawili,
Kisumu