Barua ya wazi kwa Ofisa wa Utamaduni wa wilaya yetu: orodha ile irudiwe

Mheshimiwa,

Salamu kwako na kwa ofisi yako. Ningependa tuonane ana kwa ana, lakini kila nikija naambiwa uko kwenye mkutano.

Jumamosi iliyopita uwanjani ilisomwa orodha ya nyimbo bora za Uganda za enzi zote. Philly Lutaaya hayumo. Paul Kafeero hayumo. Ya Kiswahili hakuna hata moja, hata Jamila ya Chameleone tuliyoicheza harusini hapa Busia mpaka vumbi likatimka. Mheshimiwa, uliahidi mbele ya wazee kwamba tutaulizwa kwanza. Nani aliulizwa?

Mimi niliuza kaseti. Walumbe Zzaaya, wimbo wa Kafeero wa Luganda kuhusu kifo, ulichezwa hadi mkanda ukakatika. Naunganisha kwa rangi ya kucha, narudisha nyuma kwa kalamu ya Biki, na mteja haondoki. Wasiojua Luganda waliomba watafsiriwe ubeti kwa ubeti, maana kila mtu alikuwa amezika.

Na Lutaaya! Mwaka 1989, watu wakificha ugonjwa na kusingizia uchawi, yeye alisimama hadharani akasema ana virusi vya UKIMWI. Akaenda mashuleni na makanisani, akaimba mwili ukiisha, akafariki Desemba mwaka huohuo. Wimbo wa mtu huyo unakosa nafasi kwa kipimo gani?

Nahisi mlihesabu watazamaji wa YouTube. Kama ndivyo, mmewaonea marehemu: mtandao huo ulianza 2005.

Orodha kurudiwa si aibu. Jarida la Rolling Stone huko Marekani liliuweka wimbo wa Bob Dylan namba 1 mwaka 2004. Mwaka 2021 likapiga kura upya, Respect ya Aretha Franklin ikashika nafasi hiyo. Wao wamerudia, sisi tunashindwa nini?

Biashara yangu ilishakufa, hilo simlaumu mtu. Kinachoniuma ni vijana wa mtaani kuniambia sasa kwamba nyimbo zangu hata serikali haizitambui. Nimeishi kwa nyimbo hizi, nimesomesha watoto kwa nyimbo hizi.

Ninaomba jambo moja: orodha irudiwe, na safari hii tuulizwe. Wazee wako tayari, kaseti ninazo, na redio ya kuzichezea ipo. Wewe taja siku tu, Mheshimiwa. Orodha irudiwe.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Muuza kaseti wa zamani, Busia