YAH: MALALAMIKO YA KUUZIWA JINO LA PAPA LILILOCHONGWA KWA TUPA

Temeke, Dar es Salaam

Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi uliopita nilinunua kwenu kisukuku, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka jiwe, cha jino la papa kwa shilingi 420,000, nikakichukua mwenyewe kwenye ofisi yenu ya Mikocheni. Tangazo lilisema ni jino la megalodon, papa mkubwa wa kale aliyekwisha toweka, halisi, halijakarabatiwa. Ndani ya boksi kulikuwa na cheti kinachosema limetoka kwenye machimbo ya fosfeti (mwamba wa kutengenezea mbolea) ya Khouribga, Moroko.

Nianze na hicho cheti, maana chenyewe kinawaumbua. Fosfeti ya Khouribga ilianza kujilimbikiza mwishoni mwa zama za dinosaria na ikakoma zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita. Megalodon alitokea baharini miaka isiyozidi milioni 23 iliyopita. Jino lake liliingiaje humo? Kinachochimbwa kule kwa wingi ni meno ya Otodus obliquus, papa wa kale zaidi wa ukoo huohuo. Makali ya jino la obliquus ni laini, na karibu na mzizi, kila upande, huchomoza kijino kidogo. Megalodon aliyekomaa hana vijino hivyo, na makali yake ni ya msumeno.

Sasa tulitazame jino lenu. Nimelipitia kwa lenzi, juani. Huo msumeno umekatwa kwa tupa: mikwaruzo imelala sambamba, na kila ilipopita, enameli, tabaka gumu la nje la jino, ya rangi ya asali imebanduka pakabaki peupe. Juu ya mzizi, kushoto na kulia, kuna makovu bapa mahali vijino viliposagwa. Nusu ya mzizi wenyewe ni gundi iliyochanganywa na mchanga, na viputo vya hewa vinaonekana ndani yake. Nilipopangusa kwa pamba yenye asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha, pamba ilitoka ya kahawia, imeshika punje za mchanga. Jiwe halitoi rangi.

Kinachoniuma zaidi ya fedha ni kwamba chini ya uchafu huo kuna jino la kweli la obliquus. Mifupa ya papa ni gegedu, kitu laini kama kilicho ndani ya sikio letu, huoza upesi, kwa hiyo meno ndiyo karibu yote tuliyobakiwa nayo kutoka kwa wanyama hawa. Mtu amechukua kitu kilichovumilia mamilioni ya miaka, akakisaga ili bei yake ipande. Mngeliuza kwa jina lake ningelinunua kwa furaha. Visukuku vyangu huwa nawaonyesha wanafunzi wa klabu ya sayansi hapa mtaani, nao huvishika mkononi. Hili ningewapa, ningekuwa nawafundisha uongo.

Nilipopiga simu, dada wa huduma kwa wateja alinijibu kwa upole kwamba kila jino la asili lina utofauti wake. Simlaumu, amesema alichoelekezwa. Lakini alama za tupa si utofauti wa asili.

Naomba mnirudishie fedha zangu zote, nami nitawarejeshea jino. Pili, ondoeni matangazo mengine ya "megalodon wa Khouribga", kwani bado nayaona kwenye ukurasa wenu. Ukarabati si kosa. Wakusanyaji wengi hununua meno yaliyoungwa, mradi waambiwe kipi kimeungwa na bei iendane na hali hiyo. Andikeni hivyo kwenye kila tangazo.

Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Nisipoyapata, nitapeleka shauri hili Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji.

Nimeambatisha nakala ya risiti, cheti chenu, na picha za makali, makovu na mzizi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mteja wenu
(jina na namba ya oda vimo kwenye risiti)