Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Mkoa wa Mwanza: wanafunzi wanapokwenda Maji Moto ya Manyara

Ndugu Afisa Elimu wa Mkoa,

Salaam. Likizo ya Juni ndiyo majira ya safari za mafunzo, na baadhi ya shule za huku kwetu huchagua Hifadhi ya Ziwa Manyara ili wanafunzi waone wanyama na chemchemi za maji moto kwa safari moja. Tunaomba kibali cha safari hiyo kiambatane na masharti ya mahali penyewe. Basi zima na idhini ya wazazi havitoshi kumlinda mtoto anayesimama ukingoni mwa maji yanayounguza.

Safari yenyewe tunaiunga mkono kabisa. Mtoto wa Mwanza amekulia juu ya mawe ya graniti ya kale, na ziwa lake limekaa kati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa, halimo ndani ya bonde. Akifika Manyara anaona ukuta wa bonde umesimama mbele yake. Maji ya mvua huzama kwenye nyufa za miamba, yakapata joto huko chini, kisha yakatafuta ufa mwingine na kurudi juu. Somo hilo ubaoni halikai kichwani kama linavyokaa pale.

Kwanza ratiba. Njia ya lami kupitia Shinyanga, Nzega, Singida, Babati na Makuyuni ni zaidi ya kilomita 700. Shule inayobana bajeti hukata usiku mmoja wa kulala, na watoto wanaingia hifadhini wakiwa hoi, huku dereva hajapumzika. Walale Singida au Babati, siku ya pili wafike Mto wa Mbu mapema, na siku ya tatu wawe langoni saa 12 asubuhi. Kutoka hapo waende moja kwa moja Maji Moto Kubwa, kusini kabisa mwa hifadhi, na wanyama wawatazame vizuri wakati wa kurudi. Wanaofanya kinyume chake hufika chemchemini mchana, wakiwaza lango litakalofungwa jioni, na hapo ndipo usimamizi unapolegea. Isitoshe, mvuke huonekana vizuri zaidi asubuhi hewa ikiwa bado ya baridi.

Sasa maji yenyewe. Anayeingia kwa lango la kaskazini hukutana kwanza na Maji Moto Ndogo, yenye joto la nyuzi 40 hivi. Mtoto anagusa, anaona ni kama maji ya kuoga, anayazoea. Akifika Maji Moto Kubwa hunyoosha mkono vilevile, na kule joto hufika nyuzi 60 na zaidi. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima hadi ndani kwa sekunde kama tano tu, na ya mtoto kwa muda mfupi zaidi. Kwa hiyo sharti liwe kutogusa chemchemi yoyote, hata ile ndogo.

Ukingo nao hudanganya. Madini yanayoachwa na maji hukauka yakawa gamba linaloonekana kama ardhi ngumu, kumbe chini yake ni tope la moto. Yellowstone ya Marekani, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1872 na yenye zaidi ya chemchemi na matundu ya mvuke 10,000, inawalazimu wageni kubaki kwenye njia za mbao. Hata hivyo zaidi ya watu 20 wamekufa humo kwa kuungua. Kwa shule zetu tunapendekeza makundi ya wanafunzi kumi, mwalimu mmoja mbele na mwingine nyuma, wakifuata nyayo za askari wa uhifadhi. Viatu viwe vya kufunika mguu, ndala zibaki kwenye basi. Asiwepo anayerudi kinyumenyume ili apigwe picha. Mtindo wa kuchemsha mayai, unaojulikana sana Bogoria nchini Kenya, upigwe marufuku, maana unamfanya mtoto ainame juu ya maji.

Kila basi libebe dumu la lita 20 la maji safi kwa ajili ya huduma ya kwanza, lisiguswe kwa kunywa. Aliyeungua humwagiwa maji baridi kwa dakika 20. Ukitoboa kifuniko cha chupa na kumimina lita moja kwa dakika, dumu linatosha kamili. Vua saa, bangili na kiatu kabla mwili haujavimba, lakini nguo iliyoganda kwenye ngozi iache. Funika kwa kitambaa safi, kisha safari ya hospitali ianze. Asali, dawa ya meno na mafuta hufungia joto ndani na kumpa daktari kazi ya kusafisha kidonda upya. Maji ya ziwani yasitumike: ni ya magadi na si safi.

Kuhusu wanyama tutakuwa wafupi, kwa kuwa walimu wengi wanajua mengi. Chakula kisiliwe ndani ya basi madirisha yakiwa wazi, nyani wa pale hupora. Tembo akitanua masikio kuelekea kwenu, dereva asipige honi wala kumkatia njia. Mvua ikiwa imenyesha upande wa Karatu, makorongo kama Msasa na Ndala yanaweza kujaa hata kama hifadhini jua linawaka; basi lisivuke maji yanayokwenda kasi.

Lipo pia jambo la sare. Mbung'o wa upande wa kusini huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Sketi, kaptura na masweta ya shule nyingi ni bluu iliyokoza. Tunaomba ofisi yako iruhusu wanafunzi wavae kaki au kijivu siku ya hifadhini, suruali ndefu zikiwemo, kwa wavulana na wasichana.

Masharti haya yanaenea kwenye karatasi moja. Tuko tayari kukaa na maafisa elimu wa wilaya kabla ya Juni, na kuwafanyisha walimu mazoezi kwa nusu siku katika Kisiwa cha Saanane, hapa hapa mjini.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Waongoza watalii na madereva wa safari za shule, Mwanza