Salamu za Pasaka: Kosa Lenye Heri

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu! Kristo amefufuka, aleluya! Neno hilo la mwisho tulilifungia tangu Jumatano ya Majivu, na tangu usiku wa jana limefunguliwa. Tuliimbe mpaka koo zikauke.

Kwaresima hii jumuiya yetu ilipitia mizizi saba ya dhambi: majivuno, ubahili, uzinzi, wivu, ulafi, hasira na uvivu. Katekista alikuwa anasoma mmoja mmoja kwa sauti nzito, sisi tumeinamisha vichwa, kila mtu anaangalia kandambili zake. Bibi mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, hao saba wote wamepanga kwangu, na hakuna hata mmoja anayelipa kodi." Tulicheka mpaka katekista akaweka kitabu chini. Tulipotulia ndipo watu wakaanza kusema ya kwao, waziwazi, mambo ambayo kwa miaka yalikuwa hayasemeki. Wiki iliyofuata foleni ya kitubio ilifika mlangoni.

Mimi naamini kicheko kile kilikuwa neema. Dhambi hupenda kujikuza, ionekane zimwi lisilogusika. Ukishaicheka umeiona kimo chake.

Na wazee wa imani walilijua hilo. Katika karne ya 4, jangwani Misri, aliishi mmonaki aitwaye Evagrius, ambaye alihesabu mawazo mabaya manane. Katika karne ya 6 Papa Gregori Mkuu aliipanga upya orodha hiyo, akatuachia saba. Evagrius akimweleza mmonaki aliyeingiwa na uvivu wa roho, utadhani alikuwa anachungulia dirishani kwetu. Jua halisogei. Siku inakuwa ndefu kama ya saa 50. Mmonaki anatoka nje kuangalia kama saa tisa, saa ya chakula, imekaribia. Anarudi ndani, anatoka tena, anatazama huku na huku labda kuna ndugu anakuja kumtembelea. Saa tisa yao ndiyo hii hii yetu ya alasiri, Mswahili hahitaji kugeuza chochote. Nani kati yetu hakuitazama saa ya ukutani Ijumaa Kuu, tumbo likiunguruma, mwiko wa jirani ukigonga sufuria? Na saa tisa hiyo hiyo ndiyo tuliyopiga magoti, kwa sababu ndiyo saa aliyokata roho Bwana wetu.

Halafu ukaja mkesha. Taa zimezimwa, kanisa zima giza, moto umewashwa nje, mshumaa mkubwa unaingia. Nta ya mshumaa wangu ikanidondokea kidoleni, na mtoto aliyesimama mbele yangu akageuka kuwasha wa kwake kwangu, ulimi umemtoka kwa umakini, akihofia usizimike. Ndipo ikaimbwa Mbiu ya Pasaka. Humo nyuki wanatajwa kwa shukrani, kwa kazi ya kutengeneza nta. Humo humo kosa la Adamu linaitwa kosa lenye heri, kwa kuwa limetupatia Mkombozi mkuu namna hii. Kanisa limefunga siku 40, limelia, limejipaka majivu, na usiku ule linasimama mbele ya dhambi ya kwanza kabisa na kuimba kwa furaha! Kila mwaka nikiusikia mstari huo machozi hunitoka.

Toma wa Akwino, mtu wa vitabu vizito kuliko wote, aliuhesabu uchangamfu wenye kiasi kuwa ni fadhila. Akaandika kwamba asiyetaka kabisa mzaha, na kuwanunia wanaofurahi, naye ana kasoro. Basi leo asinuniwe mtu. Pilau iliwe kwa shukrani, mashemeji wataniane, watoto wapige kelele. Na kama kuna ndugu mliyenyamaziana, mpelekee sahani iliyofunikwa, ubishe hodi mwenyewe; usimtume mtoto.

Kwaresima ilikuwa siku 40, ila Kipindi cha Pasaka ni siku 50, hadi Pentekoste. Zile saa 50 za mmonaki yule zilikuwa zimegoma kwisha. Hizi siku 50 zitapita mbio, hivyo tuanze leo leo. Yule bibi ameshaanza: ameniambia wapangaji wawili wamehama, na chumba kimoja amekifagia tayari.

Heri ya Pasaka kwenu nyote. Kristo amefufuka kweli kweli, aleluya!